Dar au nyumbani? Pima kazi ya kompyuta kabla hujafunga begi



Najua wengi wenu mnasoma hapa kafe, saa inakimbia na jamaa wa kaunta anawaangalia, kwa hiyo sitazunguka sana. Wiki iliyopita nilipata michongo miwili kwa mpigo. Mmoja uko Dar, kwenye kampuni changa inayotengeneza programu za maduka, sh. 700,000 mkononi kila mwezi. Mwingine uko hapa hapa Tanga, kuhudumia kompyuta na mtandao wa shule mbili na chama kimoja cha akiba na mikopo, sh. 430,000 mkononi. Washkaji wote kijiweni walisema kitu kimoja: "Dogo, hilo nalo la kuuliza? Nenda Dar!"

Mimi sikwenda mbio. Nimeshaungua mara moja, na ndiyo maana naandika leo.

Mwaka 2022, baada ya kumaliza kidato cha sita na kujifunza kutengeneza tovuti kwa kuhesabiwa dakika kama nyie, nilipata kazi Dar. Ofisi ya watu 9, bosi kijana, soda za bure kwenye friji. Mama alikopa kwenye vikoba vyake sh. 780,000, kodi ya miezi 6 ya chumba Kimara, maana mwenye nyumba hakutaka kusikia habari ya mwezi mmoja mmoja. Mwezi wa saba nikalipa kodi nyingine ya miezi 6 kwa akiba yangu yote. Wiki mbili baadaye, Jumapili usiku, ujumbe ukaingia kwenye grupu la WhatsApp la ofisi: kampuni imeishiwa, kesho msije. Basi. Hakuna notisi, hakuna mshahara wa mwezi ule, na mkataba wa maandishi sikuwahi kupewa. Niliuza kompyuta yangu mpakato sh. 350,000 ili mama arudishe sehemu ya deni la vikoba lililokuwa limebaki, nikapanda basi kurudi Tanga. Fundi kauza nyundo!

Tangu siku hiyo nimekuwa nasoma na kuuliza watu. Haya ndiyo niliyoyapata.

Ukubwa wa jina siyo usalama

Wengi tunadhani kampuni ikiwa kubwa na ya Ulaya au Marekani, basi umefika. Siyo hivyo. Novemba 2022 kampuni ya Meta, wenye Facebook, ilipunguza watu 11,000. Januari 2023 Google ikatangaza kupunguza 12,000, Microsoft 10,000, Amazon zaidi ya 18,000. Hawa siyo watu waliokosa hela ya umeme. Waliajiri kwa wingi wakati wa korona, biashara ilipopoa wakakata.

Sasa tazama yaliyotokea kwetu Afrika. Aprili 2021 Twitter ilitangaza kwamba ofisi yake ya Afrika itakuwa Ghana. Watu wakaajiriwa, wakawa wanafanyia kazi majumbani, mwisho wakahamia ofisini Accra. Novemba 2022, siku chache tu baada ya kuhamia, karibu wote wakafukuzwa, kwa sababu kampuni ilikuwa imepata mmiliki mpya kule Marekani.

Nairobi nako vivyo hivyo. Kampuni ya Sama ilikuwa na vijana wa kuchuja machapisho mabaya ya Facebook. Januari 2023 ikatangaza kwamba inaachana na kazi hiyo, na watu kama 260 wakajikuta nje. Wengi hawakuwa Wakenya. Walitoka Ethiopia, Uganda, Somalia na kwingineko, wakafuata kazi. Kwa mtu kama huyo kazi ikiisha haishii kwenye mshahara tu, kibali cha kukaa nchini nacho kinaingia mashakani. Mji aliouhamia ulikuwa umeshikiliwa na kazi ile ile. Waliishia mahakamani kudai haki zao.

Kwa hiyo ukipewa kazi kwenye tawi, jiulize uamuzi unafanyika wapi. Maoni yangu mimi ni kwamba tawi lililo mbali na mkubwa ni rahisi kukatwa, kwa sababu anayekata hakuoni, anaona mstari tu kwenye karatasi ya hesabu.

Kazi ya mtandaoni: ofisi ni sebuleni, hatari iko baharini

Wapo watakaosema, kwa nini uhame? Fanya kazi za nje ukiwa nyumbani, ulipwe dola. Ni kweli na wapo wanaokula vizuri tu. Lakini kuna jambo tulifikirie pamoja: kazi inayoweza kufanyiwa popote, inaweza pia kuhamishiwa popote. Wewe uko Tanga leo, kesho wanampa kijana wa Manila au Kathmandu. Machi 2024 mtandao wa Remotasks, ambao vijana wengi wa Kenya walikuwa wanapata riziki kwa kupanga picha na data za kufundishia kompyuta, ulifunga shughuli zake Kenya. Huwezi kwenda kugonga mlango wa mtu. Mlango wenyewe hakuna.

Halafu kuna waya. Mkongo wa SEACOM ulifika pwani yetu mwaka 2009, EASSy ukafuata 2010, na ndiyo iliyotutoa kwenye intaneti ya setilaiti ya bei mbaya. Mei 12, 2024 mikongo hiyo miwili ilikatika baharini kwa wakati mmoja, Tanzania tukawa miongoni mwa walioumia zaidi. Kuna jamaa yangu alikuwa na kazi ya kukabidhi Jumatatu kwa mteja wa Ujerumani. Mteja hakuelewa habari za mkongo, alielewa kwamba kazi haijafika.

Na tusisahau Oktoba 29, 2025. Siku ya uchaguzi intaneti ilizimwa nchi nzima, ikachukua siku kadhaa kurudi. Waganda wanaijua hiyo toka Januari 2021. Ukiwa unategemea kazi ya mtandaoni, mahali unapokaa ni pamoja na maamuzi ya wakubwa wa hapo mahali. Hilo haliandikwi kwenye tangazo la kazi.

Sisemi msifanye. Nasema usiwe na mteja mmoja, na usiweke kodi ya nyumba kwenye hela ambayo bado haijaingia.

Serikalini je?

Huko usalama upo, ukishathibitishwa kazini ni vigumu kuamka umefukuzwa kwa ujumbe wa WhatsApp. Nafasi zinatangazwa na Sekretarieti ya Ajira kwenye mfumo wao wa mtandaoni. Mamlaka ya Serikali Mtandao makao yake yako Dodoma, na ofisi nyingi za serikali zimeshahamia huko. Lakini mambo mawili. Kwanza, nafasi nyingi za kompyuta zinataka diploma au shahada, sisi wa kidato tunabaki dirishani. Pili, serikalini unapata usalama kwa kuuza uhuru wa mahali. Wewe umeomba ukiwa unawaza Dodoma mjini, barua inakuja ya halmashauri ambayo hata basi linafika mara moja kwa siku. Na uhamisho siyo ombi, ni amri.

Kwenye kampuni changa ni kinyume chake. Unachagua mji unaoutaka, mara nyingi Dar, siku hizi hata Zanzibar, ambako tangu 2022 wanajaribu kuvuta kampuni za teknolojia kule Fumba. Lakini usalama unauacha mlangoni. Ni wachache sana wanaopata vyote viwili, na mimi si mmoja wao.

Ngoja tupige hesabu

Hapa ndipo watu wengi tunakosea. Tunalinganisha mshahara na mshahara. Linganisha kinachobaki. Hizi ni hesabu zangu mwenyewe, wewe weka zako.

Dar kwa mwezi: kodi 150,000, umeme na maji 25,000, nauli 75,000, chakula 210,000, bando na vocha 40,000, kumtumia mama 50,000. Jumla 550,000. Mshahara 700,000 ukitoa 550,000, inabaki 150,000.

Tanga kwa mwezi: nakaa kwa mama Ngamiani, nachangia chakula 120,000, umeme 15,000, usafiri 30,000, bando 40,000. Jumla 205,000. Mshahara 430,000 ukitoa 205,000, inabaki 225,000.

Mnaona? Kazi yenye mshahara mdogo inaniachia sh. 75,000 zaidi kila mwezi. Na hapo sijaweka kwamba Dar wanataka kodi ya miezi 6 mkononi kabla hujalala hata usiku mmoja, kwa hiyo naanza na deni la sh. 900,000.

Kuna kipimo kingine nimejitungia, nakiita "nitasimama miezi mingapi". Chukulia nimefanya kazi miezi 6, halafu nikapigwa chini. Akiba niliyonayo itanilisha muda gani?

Dar: 150,000 mara 6 ni 900,000. Toa 300,000 za godoro, jiko, ndoo na makorokoro ya kuanzia maisha, inabaki 600,000. Nikiwa sina kazi nauli inapungua na mama sitamtumia, basi nahitaji 425,000 kwa mwezi. 600,000 gawa kwa 425,000, sifiki hata mwezi mmoja na nusu.

Tanga: 225,000 mara 6 ni 1,350,000. Gawa kwa 205,000, ni zaidi ya miezi 6.

Sasa jiulize, mtu akipoteza kazi anachukua muda gani kupata nyingine? Wenzangu wa ile ofisi waliobaki Dar, aliyewahi zaidi alichukua wiki 7. Mwingine miezi 5. Hiyo mwezi mmoja na nusu yangu isingemfikia hata wa kwanza.

Lakini haki itendeke, Dar ina lake

Nisiwe mwongo. Upande wa pili nao una uzito, na nimeulala usiku kadhaa nikiuwaza.

Dar kazi ni nyingi. Ukifukuzwa ofisi moja unavuka barabara kwenda nyingine. Kuna vijiwe vya maana kama Buni Hub pale COSTECH, unakutana na watu wanaojua kuliko wewe, unajifunza kwa kukaa nao tu. Huku mkoani ukipoteza kazi ya kompyuta unaweza kusubiri mwaka mzima, kwa sababu waajiri wenyewe unawahesabu kwa vidole. Usalama wa kazi moja ni kitu kimoja, usalama wa wewe kupata kazi nyingine ni kitu kingine. Huo wa pili unaitwa ujuzi na kujuana, na mji mkubwa unautoa kwa wingi.

Pia inategemea unafanya kazi gani. Fundi simu, mtu wa kufunga kamera za ulinzi, wa kutandika nyaya za mtandao, kazi yake inataka mikono yake iwe pale pale. Hakuna anayeweza kuihamishia Manila. Huyo hata mkoani anaishi, pengine vizuri kuliko Kariakoo ambako mafundi wamebanana. Anayeandika programu ndiye anayehitaji kukaa karibu na wenzake, hasa miaka ya mwanzo. Mimi niko katikati, na ndiyo maana imeniwia vigumu.

Karatasi, karatasi, karatasi!

Haya yanayofuata natamani mtu angeniambia 2022. Yameandikwa kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004.

- Ukilipwa kwa mwezi, mwajiri akitaka kukuachisha anatakiwa akupe notisi isiyopungua siku 28, au akulipe badala yake. Ndani ya mwezi wa kwanza ni siku 7.
- Akisema anapunguza watu kwa sababu hali mbaya, hawezi kukurupuka. Sheria inamtaka atoe taarifa mapema, aeleze sababu na ashauriane na wafanyakazi kwanza.
- Ukimaliza mwaka mmoja na kuendelea, ukaachishwa bila kosa lako, kuna kiinua mgongo cha angalau mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilisha, mwisho miaka 10.
- Ukiachishwa mahali tofauti na ulipoajiriwa, mwajiri anatakiwa akusafirishe wewe na mizigo yako hadi ulipoajiriwa, au akulipe gharama zake. Hiki ni kifungu cha 43, na kwa sisi tunaotoka mikoani ni dhahabu. Lakini angalia: ukienda Dar mwenyewe, ukafanyiwa usaili Dar, ukasaini Dar, basi umeajiriwa Dar. Kama wamekuita toka Tanga, hakikisha mkataba umeandika mahali ulipoajiriwa ni Tanga.
- Ukionewa, unakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile CMA. Malalamiko ya kuachishwa isivyo halali yafike ndani ya siku 30. Na chini ya miezi 6 kazini huwezi kudai kwamba uliachishwa isivyo halali. Mimi nilikuwa nimetimiza miezi 6, haki ninayo, ila nilikwenda siku ya 47. Nikaambiwa niombe kuongezewa muda kwa sababu za maandishi. Nilikuwa na njaa, nikakata tamaa.
- Ulizia NSSF. Michango ni asilimia 20 ya mshahara na wewe usikatwe zaidi ya 10. Ukichangia angalau miezi 18, halafu kazi ikaisha bila wewe kuacha mwenyewe, kuna fao la kukosa ajira la asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6. Watu wengi hawalijui kabisa.

Hizi zote ni hewa kama huna karatasi na mwajiri hakutambui. Usione aibu kuuliza kabla hujaanza. Mshahara wa mwezi uliopita ulitoka tarehe ngapi? Hela ya kampuni inatoka kwa wateja wanaolipa, au kwa mwekezaji mmoja ambaye akikasirika mnafunga duka? Mfanyakazi aliyekuwepo kabla yangu alikwenda wapi? Ukiweza, mtafute huyo wa mwisho umnunulie soda. Atakwambia ambayo bosi hatakwambia.

Nilichoamua

Nilimpigia yule bosi wa Dar. Nikamwambia kwa heshima, bosi kazi naitaka, naomba mkataba wa maandishi, uonyeshe nimeajiriwa Tanga, na notisi iandikwe. Akacheka. "Dogo, sisi hapa ni familia. Tuaminiane kwanza, makaratasi baadaye."

Maneno ya familia niliyasikia 2022 pia, neno kwa neno.

Nilimweleza mama. Nilidhani atafurahi nibaki, maana ndiye aliyelipa deni la vikoba kwa kuuza maandazi. Alikaa kimya kidogo halafu akasema: "Mwanangu, usikae Tanga kwa ajili ya kuniogopea mimi. Kaa kama ina faida." Hilo neno liliniuma kuliko kicheko cha bosi, kwa sababu kweli sehemu ya moyo wangu ilikuwa inajificha nyuma yake.

Basi nimechukua ya Tanga. Mkataba wa mwaka mmoja, umesainiwa, nakala ninayo na nyingine iko kwa mjomba. Lakini nimejiwekea masharti. Katika ile 225,000 inayobaki, 150,000 ni akiba haiguswi, 75,000 ni ya kununua kompyuta polepole na nauli ya kwenda Dar kila baada ya miezi miwili kukaa na wanaojua. Mwaka ukiisha nitakuwa na sh. 1,800,000. Hapo nikienda Dar nitakwenda na miezi minne ya kusimama, siyo na deni la mama.

Inawezekana nimekosea. Inawezekana ile kampuni ya Dar itakuwa kubwa na mimi nitabaki naisoma magazetini nikiwa chini ya meza ya shule napangusa vumbi kwenye kompyuta. Nalijua hilo. Ila safari hii nikianguka, naanguka nikiwa na nyundo mkononi.

Wewe uliyeko Mbeya, Mwanza, Mombasa au hata Muscat, hesabu yako inasemaje? Ulihama au ulibaki? Andika hapo chini na figa zako, siyo maneno matupu tu, ili na mwingine ajifunze.

Nawasilisha. Muda wenu kafe usije ukaisha bure!